Kazi ya Majira Yasiyo na Mavuno

Somo: Luka 13:6–9, pamoja na Mithali 20:4



Mfano wa mtini usiozaa mwaujua, maana umesomwa mara nyingi makanisani mwetu. Mwenye shamba alikuja kutafuta matunda, akakosa. Akaja tena mwaka wa pili na wa tatu, akakosa. Ndipo alipoamuru mti ule ukatwe, kwa kuwa ulikuwa ukila nguvu za udongo bure. Lakini mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi. Wala hakuomba tu kisha akakaa. Alitaja na kazi atakayoifanya mwenyewe, yaani kuchimba shinani na kutia mbolea. Basi tujiulize, wapenzi, kazi hiyo ya kuchimba na kutia mbolea hufanywa siku gani? Haifanywi siku ya kuchuma tini. Hufanywa siku ambazo mti umesimama mtupu, na wapitao njiani hawaoni neno la kusifu. Habari ya siku hizo ndiyo tunayotaka kuwaandikia mwezi huu.

Katika Mithali twasoma habari ya mtu aliyeacha kulima kwa kuogopa baridi. Hata wenziwe walipoleta mavuno nyumbani, yeye alizunguka akiomba, asipate kitu. Msomaji akaaye pwani aweza kustaajabu, Baridi na jembe zina shauri gani? Na ajue ya kuwa katika nchi ya Palestina kiangazi ni kikavu kabisa, na mvua huja wakati wa baridi. Udongo uliokauka kama tofali hulainishwa na mvua za kwanza, na mkulima hana budi kutoka na plau yake katika upepo na matope, kama ataka kula mwaka ujao. Asipotoka siku hizo, jua zuri la baadaye halitamfaa.

Katika nchi za kaskazini baridi ni kali kupita ile ya Palestina, na huko twaweza kuona wazi zaidi ni kazi gani inayofanywa katika majira yasiyo na mavuno. Twachukua mfano wa mji wa Leipzig, katika Ujerumani. Jina la mji huo si geni kwa sharika zetu, kwa kuwa Misioni ya Leipzig ndiyo iliyowatuma wajumbe wa Injili waliofika Machame mwaka 1893. Lakini leo hatusemi habari za misioni. Twasema habari za bustani.

Mwaka 1864 mkuu wa shule mmoja wa Leipzig, jina lake Ernst Innocenz Hauschild, aliwakusanya wazazi wakafanya chama, wakakiita kwa jina la daktari Moritz Schreber, aliyefariki mwaka 1861. Mwaka 1865 walifungua uwanja, watoto wa mji wapate mahali pa kuchezea. Miaka michache baadaye mwalimu mzee, Karl Gesell, alitengeneza matuta madogo katika uwanja huo, ili watoto wajifunze kupanda na kupalilia. Watoto walifurahi, lakini kupalilia si mchezo, wakachoka upesi, na magugu yakaota. Ndipo baba zao na mama zao waliposhika majembe. Vikafanywa vibanja vya jamaa, vikazungushiwa ugo, na desturi hiyo ikaenea katika miji mingi ya Ujerumani. Hata leo watu huziita bustani hizo kwa jina la Schreber, ijapokuwa yeye alikuwa amekwisha kuzikwa kabla tuta la kwanza halijachimbwa. Na wale wazazi waliong'oa magugu yaliyowashinda watoto wao, majina yao ni nani ayakumbukaye? Mungu ayakumbuka.

Katika bustani za namna hiyo kila jamaa ina kibanja chake, lakini mambo mengi ni ya shirika: njia, lango, ugo wa nje, mabomba ya maji. Viongozi huchaguliwa na wenzao, na kwa kawaida hutumika bila ya mshahara. Na wanachama hutakiwa kutoa saa kadhaa za kazi ya shirika kila mwaka. Hakuna tajiri wa kuwalipa vibarua. Lisilofanywa na wenyewe, halifanywi.

Mtu akipita huko mwezi wa Januari ataona nini? Ardhi imekaza kama jiwe, matuta yamefunikwa na majani makavu au na theluji, mitofaa haina hata jani moja. Atasema, Bustani hii imekufa. Lakini asogee karibu asikilize, naye atasikia sauti ya msumeno.

Kazi ya kwanza hufanywa kabla baridi haijakaza. Bilula hufungwa, na maji yaliyobaki ndani ya mabomba humwagwa. Maana maji yakigeuka kuwa barafu hutanuka, na bomba lililoachwa na maji ndani yake hupasuka. Tena ufa ule hauonekani siku ile. Huonekana majira ya kuchipua yafikapo, kila mtu ana mbegu mkononi, na maji yafunguliwapo hububujika penye ufa na kupotea. Hivyo vibanja vya watu wengi hukosa maji kwa sababu ya bilula moja iliyosahauliwa na mtu mmoja miezi mingi nyuma.

Kazi ya pili ni ugo wa miti hai. Sheria ya Ujerumani yakataza kuukata sana tangu tarehe 1 Machi hata tarehe 30 Septemba, ndege wasifukuzwe katika viota vyao. Kupunguza machipukizi kidogo si vibaya, lakini ukataji mkubwa hauna budi kufanywa katika baridi. Aliyeziachilia siku hizo zikapita, atangoje mwaka mzima, na ugo wake utazidi kusonga njia ya jirani.

Kazi ya tatu ni miti ya matunda. Mitofaa hupogolewa ingali imelala, katika siku ambazo baridi haikuzidi mno. Matawi yaliyokufa huondolewa, na yale yasuguanayo, ili mwanga na upepo vipite katikati. Mashina hupakwa chokaa, kwa sababu jua la mchana lenye kuangaza juu ya theluji hulitia gome joto, kisha usiku jalidi hulipiga, nalo hupasuka. Ndipo pia wanapotazamana na kushauriana, Mti huu wa kale ukatwe, au tuuache mwaka mmoja zaidi? Mnaona ya kuwa neno la Luka 13 lingali likisemwa katika bustani za watu.

Kazi ya nne ni lundo la mboji, lililo mafukara kuliko vitu vyote vya bustani. Mabua, majani yaliyopukutika, maganda ya jikoni, samadi, vyote hupangwa tabaka juu ya tabaka, vikavu pamoja na vibichi, kisha hupinduliwa ili hewa iingie. Vilivyokuwa takataka huwa udongo mweusi wenye harufu ya msituni. Udongo huo haupatikani kwa fedha siku unapouhitaji, kama hukuuanza mapema.

Kazi ya tano ni matengenezo mapya. Mbao za lango zilizooza hubadilishwa, majembe na mikasi hunolewa na kupakwa mafuta, njia yenye matope humwagiwa kokoto. Mahali pengine hujengwa matuta yaliyoinuliwa juu kwa mbao, hata kufika kiunoni, ili wazee wasioweza kuinama, na wale wasioweza kusimama, nao wapate kutia mkono wao udongoni. Hatuoni kuwa hilo ni jambo dogo. Mtu mwenye nguvu hujenga siku ya baridi, na mzee asiye na nguvu hupanda siku ya jua, wala pengine hatajua ni nani aliyeupigilia msumari.

Faida ya kazi hizo yote ilionekana katika siku za njaa. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Ujerumani ilikuwa imebomolewa, Leipzig pia. Na baridi ya mwaka 1946 kuingia 1947 ilikuwa kali sana, wala chakula na makaa havikutosha. Wakati huo vibanja hivyo vidogo vilikuwa viazi na kabeji za jamaa nyingi. Lakini ardhi haikuanza kuwa nzuri siku njaa ilipoingia. Ilikuwa nzuri kwa sababu ya samadi waliyoitia watu kwa miaka mingi, wakati hakuna aliyedhani kwamba njaa yaja.

Sasa twataka mtambue na jambo jingine. Baridi yenyewe si adui tu. Jalidi huyavunja madongoa makubwa ya udongo mzito, yakawa laini kuliko jembe liwezavyo kuyafanya. Tena mtofaa usipopata siku nyingi za baridi, macho yake hayafunguki vizuri, wala hauchanui inavyopasa. Nanyi wa Usambara mwalijua neno hili kwa macho yenu, maana mipichi na miplamu hustawi kwenu Lushoto juu milimani, lakini huko Tanga kwenye joto haizai hivyo. Mti umewekewa na Muumba wake muda wa kukaa mtupu, na katika muda huo hutayarishwa. Kwa hiyo usharika ukipita katika miaka mikavu, tusiseme upesi kwamba Mungu ameuacha. Huenda anapasua madongoa.

Walakini kuna neno linaloharibu kazi za shirika kuliko jalidi, nalo hatuna budi kulisema wazi. Siku ya baridi ni wachache wanaokuja. Siku ya maua, wote huja na watoto wao na wageni wao. Basi wale wachache, mikono yao ikiwa imepasuka, huanza kuhesabu: Fulani hakuja mwaka huu, wala mwaka jana. Mwanzoni huhesabu kwa huzuni, kisha kwa hasira, na mwisho husema, Kwa nini tuwafanyie kazi wavivu? Wakaweka jembe chini. Bustani nyingi za shirika hazikuuawa na wavivu. Ziliuawa siku ile wenye bidii walipochoka kuwahesabu wavivu.

Soma Nehemia sura ya 3, utaona watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja mahali pake. Wafua dhahabu walishika mawe, na watengenezaji wa manukato pia. Mkuu mmoja alijenga pamoja na binti zake. Lakini katika mstari wa 5 imeandikwa aibu ya wakubwa wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao. Je, Watekoa wengine walifanyaje? Walimaliza sehemu yao. Na katika mstari wa 27 twawakuta tena, wakijenga sehemu ya pili. Hawakusema, Na tungoje mpaka wakubwa wetu watakapoona haya. Ukuta ulihitajiwa, nao wakajenga.

Tena tukumbuke fundisho la Kanisa letu. Kazi zetu hazitununulii mbingu, wala mikono iliyopasuka si fedha ya kumdai Mungu. Paulo awaambia Wakorintho, katika barua ya kwanza, sura ya 3, kwamba mmoja hupanda na mwingine hunywesha, bali akuzaye ni Mungu. Aliyepogoa katika Januari hakuliumba tofaa la Septemba. Kwa hiyo asilimnyime mwingine kwa kiburi, wala asilipokee kwa manung'uniko. Alipewa heshima ya kuwa karibu na Mungu siku za Mungu za kufanya kazi kwa siri, na heshima hiyo yule aliyekuja siku ya maua hakuipata.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna theluji, ila ile iliyoko Kibo. Lakini majira yasiyo na mavuno twayajua. Juni, Julai na Agosti wingu hukaa juu ya migomba ya Kilimanjaro, moshi wa nyumba haupandi, na mtu hupenda kukaa mekoni kuliko kwenda shambani. Babu zetu walikuwa wamekwisha kuchimba mifongo ya maji kabla Injili haijafika, nao walijua ya kuwa mfongo si wa mtu mmoja. Siku ya kuufukua, mbiu ilipigwa, na asiyetokea alitozwa, au alinyimwa zamu yake ya maji. Je, sisi tulioijua neema tuwe wazito kuliko wao?

Walimu, litazameni shamba la usharika wenu wakati huu. Ugo umebomoka wapi, mbuzi wapate kuingia? Majani yanayochomwa moto nyuma ya kanisa, je, hayangefaa kuwa mboji? Matuta ya kuzuia mmomonyoko yatengenezwe udongo ungali mkavu, maana mvua haitungoji. Mkahawa uliokwisha kuchumwa upogolewe. Wekeni siku moja katika juma, ijulikane na wote, na mwalimu awe wa kwanza kushika jembe. Wakija watu watatu, fanyeni kazi ya watu watatu kwa furaha, kisha mwimbe, mwende nyumbani. Msitangaze kanisani majina ya wasiokuja. Tangazeni kazi iliyofanyika, na siku ya kazi ijayo.

Na kuna shamba jingine, wazee wa kanisa, lililo zito kuliko hilo. Katika daftari za sharika zetu yamo majina ya watu wasioonekana tena penye Meza ya Bwana. Mwaka wa kwanza twawatafuta kwa macho, mwaka wa pili twauliza, mwaka wa tatu mmoja wetu asema katika baraza, Afutwe, anajaza nafasi bure. Neno hilo ni la haki. Mwenye shamba alilisema. Lakini kabla ya kalamu kupita juu ya jina lile, na aulizwe kila mzee aliyeketi pale, Je, ulimchimbia? Ulikwenda kwake siku ya mvua, siku isiyo ya michango? Uliketi naye ukasikiliza habari ya deni lake, au ya mtoto wake aliyekufa, au ya neno gumu aliloambiwa mlangoni pa kanisa hili hili? Ulirudi mara ya pili, baada ya kupokewa vibaya mara ya kwanza? Kama hatukuchimba, wala hatukutia mbolea, hatuna ruhusa ya kusema habari za shoka. Shoka lina mwenyewe. Sisi tulipewa jembe.

Wala mtu asidhani kwamba mtini ule ni jirani yake tu. Kila mmoja wetu yu hai leo kwa sababu ya mwaka mmoja ulioombwa kwa ajili yake. Yuko Mmoja aliyesimama kati yetu na hukumu, akasema kwa Baba, Uachwe mti huu, nami nitaushughulikia. Hakutushughulikia kwa mikono safi. Mariamu alipomwona asubuhi ile karibu na kaburi, alidhani kuwa ni mtunza bustani. Mariamu alikosa jina, lakini hakuwa mbali na kweli. Maana ndiye aliyeingia katika baridi ya mauti, mahali ambapo hapana jani wala ua, akafanya huko kazi ambayo hakuna mtu aliyeiona, na matunda yake twala sisi hata leo.

Kwa hiyo, wapenzi, mwezi huu usipite bure. Aliye na jembe la usharika nyumbani mwake, na alitoe alinoe. Aliye na jina moyoni mwake la ndugu aliyepoa, na aende kwake juma hili, kabla ya siku za matunda, wakati ambapo hana la kupata kwake. Akipokewa, amshukuru Mungu. Asipopokewa, aende tena. Mwaka mmoja umeombwa, nao hatujui umebaki siku ngapi.

Ee Bwana, mwenye shamba la mizabibu, ulituvumilia tulipokuwa watupu. Utupe mikono isiyoogopa baridi, na mioyo isiyowahesabu wavivu. Uwabariki wanaotengeneza mahali ambapo wengine watapanda. Na utakapokuja kutafuta matunda kwetu, usitukute tumeketi mekoni. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.